Rangi za kikaboni badala ya madini adimu kwenye LED: nimejaribu manjano ya jikoni, imechujuka kabla ya asubuhi

LehemuBaridi

Wakuu, habari za humu.

Mimi ni fundi wa taa. Si mkemia, na nalisema mapema ili msinirushie fomula kabla sijavuta kiti. Kazi yangu ni kufungua balbu za LED zilizokufa na kuzifufua zinazofufulika. Zisizofufulika nazing'oa chipu na kuzitupia kwenye kopo. Juzi nililimimina kopo lote mezani, nikazima taa za chumbani, nikazimulika zile maiti kwa tochi ya bluu. Zote zikawaka njano. Njano kali, kama zimetoka kiwandani asubuhi ile. Draiva (saketi inayoilisha chipu umeme) imeungua, waya mwembamba wa ndani umekatika, lehemu imepasuka, lakini unga wa njano uko palepale, hauna hata doa.

Kwa wasiojua: chipu ya taa nyeupe haitoi mwanga mweupe. Inatoa bluu, yenye wimbi la nanometa 450 na ushei. Juu yake umepakwa unga uliochanganywa na silikoni. Unga unameza sehemu ya ile bluu na kuitapika ikiwa njano, bluu iliyobaki inapita, na jicho likipokea vyote viwili linaona nyeupe. Unga huo unaitwa fosfori (tafadhali msiuchanganye na fosforasi ya mbolea na viberiti, majina tu yamefanana). Wenyewe ni kito cha kutengeneza: itriamu, aluminiamu na oksijeni, kikatiwa seriamu kidogo. Balbu zenye weupe wa kimanjano huongezewa fosfori nyekundu, mara nyingi ya europiamu. Itriamu, seriamu, europiamu: yote matatu yamo kwenye kundi la madini adimu.

Ndipo nikaanza kujiuliza. Mwaka 2010 China ilibana mgao wa kuuza nje madini haya, na mwaka uliofuata bei zikapaa. Aprili 2025 ikaweka masharti ya vibali kwa elementi saba, itriamu ikiwemo. Uchenjuaji wake nao ni asidi juu ya asidi, na mara nyingi taka zake hubaki na thoriamu. Yote hayo kwa ajili ya unga ambao kwangu unaishia kwenye kopo ukiwa mzima.

Basi nikasema nijaribu rangi ya mmea. Nikaloweka unga wa manjano, yale ya jikoni, kwenye spiriti, nikauchuja, nikachanganya ile spiriti na epoksi angavu ili niidondoshe juu ya chipu ya bluu ya wati 3. Nilipotia kigumishi tu, mchanganyiko ukageuka mwekundu kama tofali. Sijui kwa nini. Nikatupa. Jaribio la pili niliyeyusha vipande vya akriliki (plastiki angavu kama kioo) kwenye asetoni, nikatia manjano humo, nikadondosha. Ikakauka vizuri. Nikawasha: nyeupe! Ina ukijani kidogo, lakini nyeupe. Nilipiga kelele peke yangu gizani. Haikufika dakika kumi, bluu ikaanza kuchungulia katikati, kisha tone likapata baka la kahawia, basi.

Mara ya tatu nilipaka ile rangi kwenye sahani ya akriliki yenye kipenyo cha sentimita 5, nikaiweka mbali na chipu. Hiyo iliwaka vizuri mpaka nikaenda kulala. Asubuhi nimekuta chumba cha bluu.

Maswali yangu mawili. Kuna rangi za kikaboni, yaani za molekuli zilizojengwa kwa kaboni, zinazodumu kweli, au ni hadithi za maabara? Na pili, kwa nini kila ninaposoma wanaidai rangi idumu saa 25,000 au 50,000, ilhali mimi ninayefungua balbu kila siku sijawahi kuona iliyokufa kwa sababu ya unga?

---

MamaPerilini

Fundi, pole na hongera kwa pamoja. Tone lako la dakika kumi limenikumbusha mwaka wangu wa kwanza maabara.

Nianze na tofali lako. Vigumishi vya epoksi vingi ni amini, yaani besi. Kukumini, ile rangi iliyo ndani ya manjano, ni kionyeshi cha asidi na besi: ikikutana na besi inageuka nyekundu ya kahawia. Hukukosea kupima, ulifanya jaribio la kidato bila kujua. Akriliki haina tabia hiyo, ndiyo maana mara ya pili ilikubali.

Sasa kuchujuka. Nguo ya rangi ikianikwa juani kila siku inapauka, hilo kila mtu analijua. Tatizo ni kwamba watu hawajui chipu ni jua la namna gani. Tukokotoe pamoja, maana hapa ndipo kiini kilipo.

Tuseme chipu yako inatoa wati 1 ya mwanga wa bluu kwenye eneo la milimita moja ya mraba. Rangi nzuri ya kikaboni inameza mwanga kwa nguvu sana. Ndiyo sifa yake, na ndiyo balaa lake. Kwa mwanga mkali kiasi hicho, kila molekuli iliyokaa juu ya chipu inameza fotoni (punje za mwanga) kama 40,000 kwa sekunde. Elfu arobaini! Kila mara inapandishwa nguvu, inatapika mwanga, inarudi chini, inapandishwa tena. Mara mojamoja ikiwa juu inagongana na oksijeni, inaiachia ile nguvu, na oksijeni iliyochangamka inaanza kuitafuna molekuli ileile iliyoichangamsha. Ikishatafunwa kiungo kimoja, rangi imekwisha.

Sahani yako ya sentimita 5 ina eneo la milimita za mraba karibu 2,000. Mwanga uleule umetawanyika mara 2,000. Sasa molekuli inameza fotoni kama 20 tu kwa sekunde. Ndiyo maana dakika kumi zikawa usiku mzima. Hukubadilisha rangi, ulibadilisha umbali.

Lakini hata 20 kwa sekunde, ukizidisha kwa saa 25,000, ni mizunguko karibu bilioni 1.8 kwa kila molekuli. Fluoreseini, ile ya kijani inayometameta ambayo Adolf von Baeyer aliitengeneza mwaka 1871, ikiwa kwenye maji yenye hewa hufa baada ya makumi ya maelfu ya mizunguko. Kwenye sahani yako hiyo ni chini ya saa moja. Rodamini nzuri, rangi nyingine ya maabara, hufika kama milioni moja, yaani nusu siku hivi. Unaona pengo lilivyo kubwa. Rangi ya jikoni au ya ua haiwezi kulivuka kwa dua.

Zinazokaribia ni familia ya perilini. Umbo lake ni bapa, gumu, pete za kaboni zimeshikana kama asali kwenye sega, halina kamba ya kutikisika wala kiungo dhaifu cha oksijeni kushika. BASF, kampuni ya kemikali ya Ujerumani, iliziuza kwa jina la Lumogen. Ile nyekundu, F Red 305, ikiyeyushwa vizuri inarudisha karibu kila fotoni inayoimeza. Ninasema "ikiyeyushwa vizuri" kwa sababu ukizidisha dozi, molekuli zinalaliana kama karata na mwanga unazimika ndani kwa ndani. Ukiona sahani ni nyekundu tii lakini haiwaki, umezidisha.

Namna ya kulikwepa hilo nayo imepata wajanja. Mwaka 2001 kundi la mkemia Ben Zhong Tang lilieleza molekuli zenye tabia ya kinyume, zikiwa peke yake zimelala, zikirundikana ndiyo zinawaka. Mwaka 2020 maabara za vyuo vikuu vya Indiana na Copenhagen zikaonyesha njia nyingine: unaweka molekuli ya pete, kama bangili, katikati ya rangi na rangi, kwenye fuwele, ili zisigusane. Nzuri sana kwa macho. Kwenye balbu bado.

Ukitaka kujaribu perilini bila maabara, tafuta karatasi nene za akriliki zile ambazo kingo zake zinang'aa kuliko uso. Baadhi ya zile za njano na nyekundu zina rangi za aina hii, tayari zimeyeyushwa kwa dozi sahihi ndani ya plastiki yenyewe. Usizipake, zikate. Funika nusu kwa karatasi ya aluminiamu uwe na upande wa kulinganisha. Na usiruhusu sahani ipate joto. Kama mkono hauwezi kutulia juu yake, sogeza mbali.

Swali lako la pili ni zuri kuliko la kwanza. Nakuachia wengine.

---

NusuVolti

Mtaniwia radhi, mimi ndiye mtu wa kumwagia maji.

Neno "kikaboni" linawapumbaza watu wakidhani ni kama kilimo hai. Perilini haichumwi mtini. Malighafi yake imetoka kwenye lami ya makaa ya mawe, na hiyo nyekundu ya 305 inapitia hatua ya kutiwa klorini. Taka zake nazo si maji ya mvua. Kama hoja ni mazingira, wekeni mizani pande zote mbili.

Halafu "adimu" nalo jina la kupotosha. Seriamu ardhini inakaribia kuwa nyingi kama shaba. Kinachouma ni kuitenganisha na ndugu zake, maana kikemia wamefanana kama pacha. Na kiasi kinachotumika? Tyubu za zamani za floresenti zilipakwa unga kwa gramu, na europiamu na terbiamu humo ndani. Chipu ya LED inabeba miligramu. Kwa hiyo LED yenyewe tayari imepunguza mahitaji kuliko rangi yoyote ya maabara itakavyoweza.

Mkitaka kukwepa europiamu, ipo tayari fosfori nyekundu ya manganizi, iliyo kwenye chumvi ya potasiamu, silikoni (elementi, si ule mpira wa kwenye chipu) na florini. Haina madini adimu hata chembe, nyekundu yake ni nyembamba na safi, na skrini nyingi za televisheni zinaitumia. Utengenezaji wake hupitia asidi ya floridi, ambayo mimi singetaka kuiona hata kwenye picha, lakini ipo sokoni na inafanya kazi. Fundi, unga wa njano unaokwa kwenye joto la nyuzi kama 1,500. Kitu kilichozaliwa kwenye tanuri hiyo hakitishwi na chipu. Kwa nini ukiondoe?

---

LehemuBaridi

@MamaPerilini dada, ahsante sana. Ile hesabu ya elfu arobaini nimeiandika ukutani kwa kalamu ya wino. Mwaka mzima ningeendelea kubadilisha mimea, kumbe nilitakiwa kubadilisha umbali.

@NusuVolti maji yamenifika, na nayakubali nusu. Kwenye kiasi uko sawa. Lakini umenijibu swali la pili bila kukusudia. Unga umezaliwa kwenye nyuzi 1,500, ni kweli, utadumu kuliko mimi. Draiva iliyo chini yake ina kapasita iliyovimba baada ya miaka michache. Yaani kwenye balbu moja tumefunga kitu cha milele pamoja na kitu cha msimu, kwa gundi, na kitu cha msimu kikifa vyote vinatupwa. Hizo miligramu hakuna anayezirudisha. Nimejaribu kuukwangua ule unga kwenye chipu kwa wembe: umeshikana na silikoni, ukilazimisha unapata vumbi lenye mchanganyiko wa kila kitu.

Mimi ninawaza hivi. Tuache kuidai rangi iishi kama kito. Tuiweke kwenye sahani inayofunguka kwa kuzungusha, kama kifuniko cha mtungi, mbali na chipu. Ikichujuka, unabadilisha sahani, chipu ya bluu na draiva vinabaki. Hapo rangi haihitaji saa 25,000. Ikinipa elfu kadhaa inatosha. Ni wazo la kijinga?

---

MwlSpektra

Si la kijinga. Taa ambazo unga umekaa kwenye kuba mbali na chipu zimekwishatengenezwa na kuuzwa, ila kuba lenyewe lilikuwa na fosfori ileile ya madini. Ukiweka rangi ya kikaboni unapata pia kitu ambacho watu hawakisemi sana: inajibu haraka. Molekuli ya rangi inawaka na kuzima ndani ya nanosekunde chache. Ile ya europiamu huchukua karibu mikrosekunde nzima. Kwa kumulika chumba haina maana, kwa wanaotaka kutuma data kwa mwanga ina maana sana.

Kwa usahihi, jueni hasara isiyokwepeka. Fotoni ya bluu ya nanometa 450 ikigeuzwa kuwa nyekundu ya 610, hata kama hakuna hata moja inayopotea, nguvu inayobaki ni asilimia 74. Ile 26 ni joto, na joto hilo linazaliwa ndani ya sahani yenyewe, si kwenye chipu. Plastiki haipitishi joto vizuri. Msisahau.

Kuhusu uhai, kuna waliokwenda mbali zaidi ya mimea. Mwaka 2015 kundi la mtafiti Rubén Costa lilitumia protini zinazong'aa, jamaa wa ile ya kijani ya samaki-jeli iliyoleta Nobeli ya kemia ya 2008, wakazifungia kwenye jeli ya plastiki inayofanana na mpira. Zilifanya kazi kwa zaidi ya saa 100. Protini! Kitu ambacho ungetegemea kiharibike kabla hujafunga kifuniko. Saa 100 bado ni chache, lakini bakteria ndio waliozitengeneza, si tanuri.

Sasa onyo kwa fundi. Usipime kwa kamera ya simu ikiwa imejiachia, itasawazisha weupe yenyewe na kukudanganya kila siku. Funga mipangilio ya weupe, na kwenye kila picha weka pembeni LED ya kawaida iwe shahidi. Kipimo cha luksi (cha mwangaza) nacho kitumie kwa akili: jicho linathamini sana kijani na njano, bluu kidogo, kwa hiyo namba itaanguka haraka kuliko unavyotarajia rangi ikianza kufa. Mimi ninatumia sidii kuukuu. Ielekeze kwenye taa kupitia ufa mwembamba, utaona mshipi wa rangi: bluu kali, kisha bonde la giza, kisha kilima cha rangi yako. Ukitazama kila siku saa ileile utaona kilima kinavyoshuka.

---

LehemuBaridi

Narudi na matokeo. Siku 40 mfululizo, usiku na mchana, saa 960.

Nilipata vipande viwili vya akriliki, kimoja cha njano inayoelekea kijani na kimoja chekundu, kingo zikiwaka kama alivyosema dada. Nikakata duara za sentimita 5 kwa msumeno mdogo, nikasugua kingo, nikazifunika nusu kwa aluminiamu. Kwanza niliweka nyekundu peke yake: taa ikawa zambarau, si ya kukaa nayo mtu mzima. Nikaweka njano mbele ya chipu na nyekundu juu yake: ikawa ya kichungwa mno. Mwishowe nikakata nyekundu vipande vidogo, nikavitandaza juu ya njano viache nafasi. Hapo ikatulia. Weupe wa kimanjano, kidole changu kilionekana na damu ndani, si kama maiti.

Jana nimeondoa aluminiamu. Kwenye njano, nikiinamisha sahani kwenye mwanga wa dirishani, naona mstari: upande uliowaka umepauka kidogo, kama shati lililofuliwa mara nyingi. Kwenye nyekundu nimetafuta mstari kwa kioo cha kukuzia sikuuona. Kilima kwenye sidii kimeshuka upande wa kijani, upande wa nyekundu kimesimama. Luksi zimepungua, si sana.

Sahani yangu ya manjano ya kwanza bado ninayo. Ina duara tupu katikati, angavu kama kioo, na ukingo wa njano pembeni pale mwanga haukufika. Nimeipachika ukutani chini ya ile hesabu.

Nimepata na pete mbili zenye hesi kutoka kwenye chupa pana, moja nimeigundisha kwenye sahani ya aluminiamu ya kupoza chipu, nyingine inashika rangi. Inafunguka na kufunga kwa mzunguko mmoja.

---

NusuVolti

Haya, nimenyamaza kwenye nyekundu. Njano ndiyo itakayokuangusha. Kwa nini usiache unga wa kawaida ufanye njano, maana seriamu si shida, halafu perilini ishike nafasi ya europiamu peke yake? Ile ndiyo adimu kweli.

---

MamaPerilini

Nilikuwa nakuja kuandika hilohilo. Rangi nyekundu ikikaa nyuma ya njano ya unga inameza zaidi njano-chungwa na bluu kidogo, kwa hiyo inapata maisha mepesi pia.

Ila fundi, kabla ya hapo: hiyo pete ikifunguliwa taa ikiwa imewaka, mtu anaitazama bluu ya wati 3 ikiwa uchi. Weka swichi ndogo ya kubonyeza chini ya ukingo wa pete. Sahani isipokuwepo, umeme usipite.

---

LehemuBaridi

Nimeng'oa swichi kwenye kipanya kibovu cha kompyuta. Inaingia vizuri, nalehemu sasa hivi.